Kuni za Mama na Mota ya Kijiji

Mume wangu alikuwa fundi wa kusuka mota, na kwa miaka yote aliyoishi jirani na mama yangu, mama hakuwahi kusikia ukweli kuhusu tumbo la mkwe wake. Sahani ikipelekwa barazani, mume wangu alikula matonge machache, akanawa, kisha akanituma: "Mwambie mama yametosha." Nami nikapeleka ujumbe jikoni, mama akacheka, akaongeza ugali, akamwagia na mchuzi juu. Ndivyo ilivyotakiwa. Mkwe anayekubali chakula bila kukikataa kwanza ana ulafi, na mama mkwe anayeliamini neno "yametosha" ni bahili. Wote wawili walilijua hilo, wote wawili walilifurahia, na mimi katikati yao nikawa kiguu na njia.

Tulikaa Bigwa, chini kabisa ya mlima, kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa mama na shamba ni la mama, na mwanamume akioa anaweza kujikuta amehamia yeye. Mume wangu alitoka mbali, upande wa Kigoma, akaja Morogoro kutafuta kazi akaipata kwenye karakana ya shamba la mkonge. Kwao hakukuwa na mambo haya. Lakini mgeni akiipenda desturi huizidisha. Vijana wa Kiluguru wenyewe walikuwa wameshaanza kuwasalimia mama wakwe zao wakiwa wamesimama palepale, wakiwatazama usoni. Mume wangu hata siku moja. Mama akitokea njia hii, yeye alipita ile. Akimkuta uani alichuchumaa pembeni, akatazama kuku, akasema "shikamoo mama" kama anayewaamkia kuku wale. Mama aliringa naye mtaa mzima. Alisema wenzake wana wakwe, yeye ana mkwe.

Mimi si mpole. Nilizaliwa na ulimi mwepesi na hasira za karibu, na nikiwatazama watu wazima wawili wanaoishi umbali wa kutupiana chumvi wakiagizana kupitia kwangu, nilikuwa nasonya. Nikawaambia siku moja kwamba nitakufa mapema kwa kutumwa. Mama akaniambia heshima haijawahi kumuua mtu. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba kuna kitu kingine heshima inaweza kukifanya.

Miaka ile ilikuwa baada ya vita, miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na khanga zikifika duka la ushirika foleni ilianza kabla hakujapambazuka. Kitu kimoja tu kijijini kwetu hakikutusumbua, nacho ni mashine ya kusaga. Umeme ulikuwa umefika hadi shuleni, na pale pale unapoishia kijiji kilijenga kibanda cha matofali ya kuchoma, tukafunga mashine. Wanawake wa milimani waliteremka na mahindi vichwani, wakasaga, wakapanda tena kabla jua halijawa kali. Mikono yetu ikaanza kusahau mchi. Mama yangu alikuwa na sugu viganjani za tangu usichana, na nakumbuka akinionyesha jinsi zilivyoanza kulainika, akijishika shika kama mtu aliyepewa mikono mipya.

Halafu mota ikaungua. Ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Mafundi wa mjini walisema waya wa shaba haupatikani, tusubiri, na kusubiri kwa miaka ile hakukuwa na mwisho. Mwenyekiti wa kijiji akamjia mume wangu. Waya mume wangu aliupata kwa njia zake, kwa fedha za kijiji, mabaki yenye unene uleule unaotakiwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye watu walisema alitumia waya mwembamba. Si kweli. Waya ulikuwa sawasawa.

Kusuka mota si kuweka waya mpya tu. Kwanza unatoa ule wa zamani, nao umeganda ndani ya chuma kwa vanishi iliyopikwa ikawa ngumu kama kucha. Hautoki mpaka uuchome. Karakanani kwao walikuwa na tanuri lenye kipimo cha joto. Mume wangu aliomba aipeleke mota ya kijiji kule, mkuu wake akakataa, akasema tanuri la shamba si la umma. Basi akaamua kuichomea nyumbani, kwa pumba za mpunga. Pumba huungua polepole, hazina ndimi za moto, joto lake ni la kuvizia. Alizikusanya magunia, akaiweka mota juu ya mafiga uani kwa mama, kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa mdogo, akaizungushia pumba vizuri, akawasha.

Alinieleza wakati ule akiwa na furaha, maana alipenda kueleza kazi yake. Moyo wa mota, alisema, ukiutazama unaona chuma kimoja kizito. Si kimoja. Ni mabati membamba mengi yaliyobanwa pamoja, na kila bati limepakwa kitu kama ngozi ya kulitenga na mwenzake. "Waya naweza kuubadilisha," akaniambia. "Ngozi ile siwezi. Moto ukizidi, chuma kikawa chekundu, ngozi imekwenda. Mabati yanashikana, umeme unaanza kuzungukazunguka humo ndani bila kazi yoyote, unakuwa joto tupu. Mota itazunguka, ndiyo, lakini itakula umeme wa watu wawili na kufanya kazi ya mmoja." Nikamwambia hiyo inafanana na baadhi ya wajumbe wa kamati ya kijiji. Akacheka sana.

Alasiri mama akatoka ndani. Mume wangu, kama kawaida yake, akapotelea nyuma ya nyumba. Mama akazitazama zile pumba zikifuka moshi na sura yake ikaharibika. Jambo lenyewe kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Yeye mwenyewe alikwishatangaza mtoni kwamba mkwe wake ndiye atakayeifufua mashine. Na sasa watu wanaopita wanamwona mkwe huyo huyo akihangaika na pumba, mama mkwe yupo, kuni zipo.

"Mkwe wangu anakaushia samaki hapa?" akaniuliza.

Alikuwa na magogo nyuma ya jiko, ya mti mgumu, makavu, aliyoyatunza miaka chini ya paa kwa ajili ya shughuli kubwa. Harusi yangu yenyewe hakuyagusa. Akayaburuta moja baada ya jingine, mama mtu mzima, akayapanga juu ya pumba, akachochea, akapuliza. Jirani wakaona, nao wakaleta za kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya wakati ule, kila mtu achangie nguvu zake. Moto ukasimama wima.

Mume wangu akaniita nyuma ya nyumba. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mwambie mama moto umetosha."

Nikaenda nikamwambia mama: "Mkwe wako anasema moto umetosha."

Mama akatabasamu, tabasamu lile lile la sahani ya ugali. "Mwambie asinionee huruma. Kuni zipo." Akaongeza gogo.

Nikarudi. Akanituma tena. Nikaenda, nikalisema neno hilo hilo kwa maneno makali zaidi: mama, amesema umetosha, umetosha kweli. Mama akawageukia majirani, akawaambia kwa fahari: "Mnamsikia mtoto wa watu? Hataki nichoke." Nao wakamsifu mkwe, wakaongeza kuni.

Najua unajiuliza kwa nini hakutoka tu nyuma ya nyumba akazichomoa kuni kwa mikono yake, na kwa nini mimi sikumtajia mama ile ngozi ya mabati. Nimejiuliza hayo hadi nimezeeka. Kuni zililetwa na mama mkwe mbele za watu. Kuzichomoa, au kumwambia wazi kwamba anaharibu, ni sawa na kumwaga chakula chake chini akiangalia. Alisimama pale nyuma, amekishika kiuno chake, anausikiliza moto, na nilipochungulia uani niliiona mota kati ya makaa, nyekundu, inang'aa, nzuri kwa macho. Majirani wakaishangilia.

Ilipopoa akaitoa waya wa zamani, ukatoka kirahisi kama uzi wa nguo. Kisha akaisuka. Hakuna asiyekubali kwamba aliisuka vizuri. Alikaa siku na siku barazani akipima, akikunja, akiingiza koili kila moja mahali pake, akipigilia vijiti vya kuzibana, akapaka vanishi, akaianika juani. Labda alitumaini. Fundi naye ni binadamu.

Siku ya kuifunga watu walijaa. Mota ikanguruma, mkanda ukazunguka, unga ukatoka, vigelegele vikapaa hadi mlimani. Mama alipiga kimoja kirefu kuliko cha mtu yeyote. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Watu walipokwisha kujazana kwenye unga, aliwaomba waisimamishe kidogo, akautoa mkanda, akaiacha mota izunguke peke yake bila kusaga kitu. Kisha akaweka kiganja juu yake. Mota isiyobeba mzigo haitakiwi kupata moto. Akakitoa kiganja haraka, akakificha mfukoni, akaniangalia. Nikaelewa. Aibu ilianza palepale, kabla mtu mwingine yeyote hajajua kuna la kuonea aibu.

Haikuchukua muda wakajua. Asubuhi mota ilisaga, jua likipanda inalegea. Unga ulitoka wa moto na chenga chenga. Kijana wa mashine akalazimika kuizima ipumzike, wanawake wakakaa chini na madebe yao wakiingoja kama wanaomngoja mgonjwa azinduke. Walioteremka kutoka milimani wakawa wanapandisha mahindi yao yakiwa mazima. Kuku wa jirani alijifunza kulala juu ya mota hata ikiwa imezimwa, kwa ajili ya uvuguvugu. Na malipo ya umeme ya kijiji yakapanda wakati unga umepungua, jambo ambalo mwenyekiti hakuacha kulisema kila alipomwona mume wangu kwa mbali.

Foleni ikawa mahakama yangu. Nilikuwa mke wa fundi. Nikifika, mazungumzo yalishuka sauti, halafu yakapanda tena kwa upande mwingine. Mtu anasema, "Waya mwembamba." Mwingine: "Ule mnene amebaki nao, atauuza." Mimi mwenye ulimi, nilitafuta neno sikulipata, maana kila neno la kumtetea mume wangu lilikuwa linaelekea kwa mama yangu, na yeye amekaa palepale foleni na debe lake, anawakaripia kwa niaba yetu. "Mkwe wangu hawezi," alikuwa anasema. "Hamkuuona ule moto?"

Mbaya zaidi alikuwa mtani wetu. Kila ukoo kwetu una ukoo wa watani, watu wenye ruhusa ya kukusema lolote mahali popote, nawe huna ruhusa ya kununa. Ndio wanaokuzika, ndio wanaokucheka. Mtani wetu alikuwa mwanamke mnene wa umri wa mama, mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuja mashineni siku moja bila mahindi. Alikuwa na kiazi kitamu. Akakiweka juu ya mota, akavuta kigoda akakaa, akajipepea na upindo wa khanga.

"Msinijali," akasema. "Nimesikia ukoo wa wenzetu umepata jiko la umeme. Nangoja kiive."

Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Kisha akasimama akaigiza mota yenyewe. Alinguruma, akatetemesha makalio, akazunguka, akapunguza mwendo, akakaa chini akihema: "Nipumzisheni jamani, mimi mkwe wa watu." Nilicheka na mimi, kwa kuwa mtani akikusema usipocheka umeshindwa. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikamwachia mama debe langu, nikaenda nyumbani.

Nilimkuta mume wangu nikamvaa. Nikamwambia aseme. Aende kwa mwenyekiti, aende kwa mjomba wangu ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aseme moto ulizidi na ni nani aliyeuzidisha. Aliniacha nikaimaliza hasira yote. Kisha akasema: "Kazi ikiharibika anajibu fundi."

"Hukuiharibu wewe!"

"Nilikuwepo," akasema. "Na wewe usiseme. Ukimwambia mama, utakuwa umemchukulia kitu ambacho mimi siwezi kumrudishia."

Nikamtii. Nilimwonea haya mume wangu kwa unyonge wake, kisha nikajionea haya mwenyewe kwa kumwonea haya, na mama nikawa siwezi kumtazama. Nyumba tatu za aibu katika mtu mmoja, na kote naingia bila kubisha hodi.

Hatimaye mwenyekiti akaita mkutano pale mashineni. Walikuwa wamemleta fundi wa mjini, mtu mtaratibu, hakuwa na majivuno. Aliifungua mota mbele yetu. Mjomba alikuwa amekaa mbele kwenye kiti, kwa sababu jambo lilikuwa limefika mahali pake: kama mkwe amekiibia kijiji waya, basi ukoo hauwezi kuendelea kumweka juu ya ardhi yake. Hilo lilisemwa wazi, mbele yangu na mbele yake. Mume wangu alisimama nyuma ya watu akitazama chini.

Fundi wa mjini aliupima waya, akasema waya ni wenyewe. Aliitazama kazi ya kusuka, akaisifu. Nikaanza kupumua. Kisha akapitisha kidole ndani ya chuma, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani aliichoma hii?"

"Mimi," akasema mume wangu, upesi mno.

Mama akasimama. Namwona mpaka leo. Alijifunga khanga yake vizuri, akasogea mbele, akaongea na mjomba, maana na mkwe wake hawezi. "Kaka, mtoto huyu anasingiziwa uvivu, na yeye kwa adabu yake hatasema. Kama kuna anayedhani kazi haikufanywa kwa nguvu, aniulize mimi. Yeye alianza na pumba. Pumba! Moto niliukoka mimi, kwa kuni zangu za shughuli. Alinikataza nisichoke, nikakataa. Tuliuchochea, majirani hawa hapa mashahidi, mpaka chuma kikawa chekundu kama pilipili. Sasa mota iliyochomwa ipasavyo kuliko hii ni ipi?"

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Fundi wa mjini akainamisha uso. Alikuwa mgeni, alishaelewa, na nadhani angetoa chochote asiwe yeye wa kusema. Mwenyekiti akamwambia aseme. Akaeleza kwa upole, kwa maneno karibu yaleyale ya mume wangu: mabati, ngozi, moto usizidi. Akasema pumba ndiyo ilikuwa njia nzuri. Akasema chuma kikishakuwa chekundu hakuna fundi duniani wa kukirudisha.

Nilimtazama mtani wetu. Alikuwa ameshafungua mdomo, mzaha ulikuwa umeshafika kwenye meno. Akaufunga.

Mume wangu akasema kwa sauti kutoka nyuma: "Fundi ni mimi. Mama hana kosa." Mjomba naye akasema mambo ya bahati mbaya, ya kwamba kazi ya wengi haina mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu mama hata kidogo. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, nadhani. Alisimama pale katikati akitazama mota, halafu mikono yake, halafu kwa mara ya kwanza katika maisha yao akageuka kumtafuta mkwe wake kwa macho. Mkwe, kwa adabu, alikuwa ametazama pembeni. Mama akaokota debe lake, mahindi bado yamo, akaondoka.

Kijiji kilipata mota nyingine baada ya kuhangaika sana. Mume wangu hakuambiwa asiiguse, na hakuigusa. Mashine ikasaga vizuri kuliko mwanzo. Lakini mama hakurudi tena mashineni. Tangu alfajiri ya kesho yake ule mkutano nilisikia mchi. Aliutoa mchi wake wa zamani, akakisugua kinu, akaanza kutwanga. Mota mpya ilipofungwa nilikwenda nikamwambia, mama, nipe nikusagie, ni dakika tu. Akasema unga wa mashine hauna ladha. Tangu lini, nikamuuliza kwa ukali, wewe uliyekuwa unajipapasa viganja? Aliendelea kutwanga.

Nilibeba maneno ya mume wangu kama nilivyokuwa nabeba ya ugali. "Anasema si kosa lako." Mama akatikisa kichwa. "Mkwe atasema nini kingine?" Nikampelekea tena, kwa njia nyingine, siku nyingine. Hakuna neno la mkwe ambalo mama mkwe anaruhusiwa kuliamini. Tulikuwa tumefundishana hivyo kwa furaha, sahani baada ya sahani, na sasa hakukuwa na neno lililobaki lenye uzito.

Na chakula? Aliendelea kutuletea. Mume wangu alipopeleka "yametosha", mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui la kufanya. Wakati mwingine aliongeza kidogo sana, wakati mwingine aliurudisha mwiko chunguni, na sura yake ilikuwa ya mtoto aliyeambiwa akisie. Mimi ningependa anitukane. Ningependa amtukane mume wangu. Nilijificha jikoni nikalia kwa hasira, sijui namlilia nani.

Kila alfajiri mume wangu alikunywa chai yake kabla ya kupanda baiskeli kwenda karakanani, na mchi ukianza alikishusha kikombe, akangoja. Sauti ile ilikuwa kama mtu anayebisha hodi bila kutaka afunguliwe. Sugu za mama zikarudi.

Alifariki mwaka ule neno kung'atuka lilipokuwa midomoni mwa kila mtu. Hakuumwa sana. Mchi ulinyamaza asubuhi moja, tukajua kabla ya kuitwa.

Watani walimzika, wakafanya kazi yao kama inavyopasa. Siku ya matanga, wakati masufuria yapo motoni uani na watu wamejaa, mtani wetu akatoka ndani amevaa khanga za mama, zile za kutokea. Ndivyo wafanyavyo, humwigiza marehemu ili waliobaki wacheke. Alitembea kama mama, bega moja chini. Akawakaripia waliokuwa foleni ya chakula kwa sauti ya mama. Watu wakaanza kucheka na kulia pamoja. Akauzunguka uwanja, akafika nyuma ya jiko, akarudi na gogo kubwa begani, akasimama pale pale yalipokuwa mafiga siku ile. Nikajua anachotaka kufanya, nikatamani ardhi ipasuke.

"Mkwe wangu!" akaita, uso ameugeuzia kuku. "Mkwe wangu wewe, niongeze?"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka, kicheko kikakatika vipande vipande. Kwa desturi mtani akikutania msibani unamtupia kitu kidogo mradi akupishe. Mume wangu aliinuka kutoka upande wa wanaume. Nikadhani anatafuta sarafu. Hakutia mkono mfukoni. Alitembea katikati ya uwanja, mbele ya ukoo wangu wote, akasimama mbele ya zile khanga karibu kuliko alivyowahi kusimama maisha yake yote, akainua uso, akamtazama machoni.

"Umetosha, mama," akasema. "Umetosha."

Mtani alimtazama mume wangu, kisha akalishusha gogo polepole, akaliweka chini, mbali na moto.